Gemu za kujenga reli kwa utulivu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa yeyote aliye Dar es Salaam, au popote pale, anayetaka kujenga reli kwenye kompyuta au simu bila kukimbizwa na mtu. Maswali haya naulizwa tena na tena na marafiki, na wadogo zangu walioko vyuoni, na wazazi wanaotaka kujua watoto wao wanashughulika na nini kwenye skrini. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi. Lile la ishara za reli, yaani taa zinazoiambia treni isimame au ipite, nimelieleza kwa kirefu kwa makusudi, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa, na hapo hapo ndipo raha yenyewe ilipo.

Ni gemu za kuendesha treni?

Hapana. Zipo gemu za kukaa kwenye kiti cha dereva na kushika breki, lakini hizo ni habari nyingine. Huku wewe ndiye unayeamua reli ipite wapi. Unachora njia, unaweka stesheni, unanunua vichwa na mabehewa, unazipangia treni safari, halafu unakaa unatazama kazi yako ikitembea. Aina hii ya gemu ina umri mkubwa: Railroad Tycoon ya Sid Meier ilitoka 1990, na Transport Tycoon ya Chris Sawyer ikafuata 1994. Kutokana na hiyo ya pili ndipo ilipozaliwa OpenTTD mwaka 2004, ambayo mpaka leo inaendelezwa na watu wanaojitolea, na ndiyo nitakayoitaja zaidi hapa.

Kwa nini watu wanasema zinatuliza?

Kwa sababu hakuna anayekufukuza, na karibu kila ulichokosea unaweza kukibomoa ukakijenga upya. Mtu aliyetoka Posta saa kumi na moja jioni akafika Mbagala saa moja na nusu usiku, amesimama njia nzima, ana hamu ya kuona kitu kimoja kinachofika kwa wakati. Kwenye gemu hizi, ukipanga vizuri, treni inafika. Ukikosea, unaona kwa macho yako ni wapi imekwama na kwa nini. Kuona chanzo cha tatizo na kuwa na uwezo wa kukiondoa ni pumziko kubwa.

Ila utulivu huo hauji wenyewe. Kuna mipangilio ya kuzima na kuna namna ya kujenga. Ukiacha kila kitu kama kilivyo na kuanza kununua treni ovyo, ndani ya saa moja utakuwa na foleni mbaya kuliko ya Ubungo.

Nianze na ipi?

Kama una simu tu, anza na Mini Metro. Imetengenezwa na Dinosaur Polo Club ya New Zealand, ilitoka 2015 kwa kompyuta na 2016 kwa simu. Stesheni ni maumbo tu: duara, pembetatu, mraba. Abiria nao ni maumbo madogo, kila mmoja anataka kufika kwenye stesheni ya umbo lake. Unachora mistari ya rangi ya kuwaunganisha, mji unakua, kila wiki ya gemu unaongezewa kichwa kimoja na kuchagua nyongeza kama behewa, handaki au njia mpya. Kwa kawaida stesheni ikifurika abiria, mchezo umekwisha, na hilo linaweza kukupandisha presha. Basi chagua ile namna isiyo na mwisho, ambayo hakuna kushindwa. Na vaa hedifoni: sauti zake zimetungwa na Disasterpeace na zinatokana na treni zako zenyewe zinavyotembea.

Kama una kompyuta yenye nguvu kiasi na unataka kitu cha kupendeza macho, ichukue Station to Station ya mwaka 2023. Unaunganisha shamba na kiwanda, kiwanda na mji, na kila muunganisho unapokamilika ardhi iliyokuwa kame inachanua. Hakuna ishara za kupanga wala saa ya kukimbizana nayo. Kwa mtu aliyechoka kabisa, hii ndiyo laini kuliko zote ninazozijua.

Transport Fever 2, ya 2019, ni nzuri mno kwa macho na inaanza na treni za mwaka 1850, lakini inataka kompyuta nzito. Rail Route inakuweka kwenye chumba cha kuongozea treni. Wapo wanaoipenda, mimi naona inachosha akili baada ya kazi.

OpenTTD inachukua siku chache kuizoea. Ukishaizoea, hutaimaliza.

Nina laptopu ya mtumba niliyonunua Kariakoo. Itaweza?

OpenTTD, ndiyo, bila wasiwasi wowote. Programu nzima pamoja na picha na sauti zake haifiki MB 100, na haihitaji kadi ya grafiki. Mini Metro pia ni nyepesi. Transport Fever 2 usiijaribu kwenye laptopu ya ofisi iliyotumika. Itapasha moto meza.

Kama unanunua kupitia Steam, duka la gemu la mtandaoni, na huna uhakika na mashine yako, kumbuka kwamba Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu kununua na hujacheza zaidi ya saa mbili. Hizo saa mbili zinatosha kabisa kujua kama picha zinakwama.

Kuna pia OpenTTD ya Android, iliyotengenezwa na mtu wa kujitolea. Inafanya kazi, lakini vitufe ni vidogo na kuweka ishara kwa kidole gumba kunataka subira. Kwenye tableti ni nafuu.

Inakula bando?

Ukishapakua, hapana. OpenTTD na Mini Metro zote zinachezwa bila intaneti. Na umeme ukikatika usiku na betri ya laptopu yako ni ile inayodumu dakika tano, OpenTTD hujihifadhi yenyewe kila baada ya muda. Ukiwasha tena utakuta faili la karibuni kwenye orodha. Ingia kwenye mipangilio uufupishe huo muda.

Nalipaje nikiwa Dar?

OpenTTD ni bure kabisa. Ipo kwenye tovuti yake rasmi, na tangu 2021 ipo pia kwenye Steam, bure vilevile. Leseni yake inaruhusu kunakili, kwa hiyo ukiichukua kwa rafiki kwenye flashi hujamwibia mtu. Wengi hawaamini hili, lakini ni kweli na ni halali.

Zile za kulipia kwa kawaida hulipiwa kwa kadi ya Visa au Mastercard. Kadi ya benki inafaa ikiwa umeruhusiwa manunuzi ya mtandaoni, na baadhi ya huduma za pesa za simu hutoa kadi ya mtandaoni unayoijaza kiasi unachotaka kutumia. Usiwe na haraka: bei hushuka sana mara kadhaa kwa mwaka, weka gemu kwenye orodha ya unazozitamani usubiri.

Nimefungua OpenTTD, naona vitufe vingi mno. Nifanye nini kwanza?

Kabla hujajenga chochote, nenda kwenye mipangilio ufanye mambo manne. Zima kuharibika kwa treni. Zima majanga. Zima mfumuko wa bei. Na ruhusu kujenga wakati gemu imesimamishwa. Kwa kawaida hilo limezuiwa, na bila hilo utakuwa unajenga huku siku zinakwenda na pesa zinakatwa. Wapinzani hawapo mpaka uwaweke mwenyewe, basi usiwaweke. Ukipenda, tengeneza sarafu yako: gemu inaruhusu kuandika alama ya shilingi na kuweka kiwango cha kubadilishia.

Sasa tafuta mgodi wa makaa ya mawe na kituo cha kuzalisha umeme vilivyo mbali kiasi, vigae (miraba midogo inayounda ramani) kama 60 hadi 100 katikati. Weka stesheni kila upande, unganisha, jenga karakana kando ya reli, nunua kichwa kimoja na mabehewa machache ya makaa. Amri ya treni iwe: kwenye mgodi subiri mpaka ujae, kwenye kituo cha umeme shusha. Basi. Malipo hutegemea umbali, kiasi cha mzigo na muda uliotumika njiani, na makaa ya mawe hayana haraka. Treni ya polepole inalipwa karibu sawa na ya kasi. Abiria na barua ndio wanaodai mwendo. Kwa hiyo njia ya makaa ikusimamishe kwanza, halafu ndipo ufikirie treni za abiria.

Treni zangu mbili zimesimama zinatazamana na hakuna inayosogea. Nimekosea wapi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Jibu lake ni refu, kwa hiyo tulia.

Usipoweka ishara yoyote, gemu huhesabu reli yote kuwa kipande kimoja, na kipande kimoja kinaruhusu treni moja. Ndiyo maana treni ya pili hugoma hata kutoka karakana. Mtu akiona hivyo hutupia ishara katikati ya njia. Sasa treni zote mbili zinaingia, moja kutoka huku na nyingine kutoka kule, zinakutana kwenye reli moja na kusubiriana milele. Bajaji mbili zikikutana kwenye uchochoro wa Tandale, lazima mmoja ajibanze penye uwazi. Kama uwazi haupo, hata dereva awe muungwana vipi, hakuna atakayepita. Kwa hiyo kwanza jenga uwazi.

Tuseme una reli ya njia moja kutoka Pugu hadi Ruvu, na kila mwisho pana jukwaa moja. Katikati, pale Soga, jenga njia ya pili ya pembeni inayoachana na njia kuu kisha inairudia. Hiyo ndiyo njia ya kupishania. Iwe ndefu kuliko treni yako ndefu kuliko zote. Behewa moja tu likibaki nje, mkia umeziba njia na hujafanya kitu.

Kisha weka ishara mbili tu, za ile aina inayohifadhi njia mbele ya treni na kuruhusu upande mmoja. Ya kwanza iweke kwenye njia ya kushoto, mwisho wake wa upande wa Ruvu, kwa ajili ya treni inayotoka Pugu. Ya pili iweke kwenye njia ya kulia, mwisho wa upande wa Pugu, kwa ajili ya treni inayotoka Ruvu. Ishara huwekwa mahali treni inapotoka kwenye njia ya kupishania, si inapoingilia.

Sasa tazama kinachotokea. Treni ya Pugu inaingia Soga, inashika kushoto, inasimama kwenye ishara yake. Inaomba njia mpaka Ruvu. Jukwaa la Ruvu lina treni, basi inanyimwa, inasubiri. Treni ya Ruvu nayo inaomba njia mpaka Soga, upande wa kulia. Ni tupu, inapewa, inakuja. Ikishaingia kulia, reli ya mbele imekuwa huru na jukwaa la Ruvu limekuwa huru, na ile ya kushoto inaondoka. Wakati huo huo ya kulia inaendelea na safari ya Pugu. Zimepishana bila wewe kugusa kitu. Mara ya kwanza ukiliona hilo likitokea kwenye reli uliyoijenga mwenyewe, utaelewa kwa nini watu wanakesha.

Je, treni ngapi zinaweza kutumia njia hiyo? Hesabu nafasi za kusimama: Pugu moja, Soga mbili, Ruvu moja. Jumla nne. Treni ziwe pungufu angalau kwa moja, yaani tatu. Ukiweka ya nne kila nafasi imejaa na hakuna pa kusogea. Ukitaka nyingi zaidi, ongeza njia ya kupishania nyingine au jukwaa.

Hivi ndivyo reli zetu zilivyo hasa. Reli ya Kati ni njia moja yenye stesheni za kupishania, na SGR, ile reli mpya ya kisasa, ya Dar es Salaam hadi Morogoro iko hivyo pia: katika zile kilomita 300 zinazotajwa, 205 ni njia kuu na zinazobaki ni za kupishania na maegesho. Ukiipanda, ikapunguza mwendo na kusimama mahali pasipo na stesheni, angalia dirishani upande wa pili.

Na kwenye makutano ya reli?

Kanuni ni moja. Weka ishara kabla ya makutano. Baada ya makutano usiweke, ila kama mbele yake pana nafasi ya treni nzima kusimama bila mkia kubaki kwenye makutano. Foleni nyingi ninazoonyeshwa na watu zinatokana na ishara moja iliyowekwa vigae vitatu baada ya njia panda, na treni yenye vigae saba imesimama hapo, imefunga pande zote. Ondoa hiyo ishara moja na mtandao mzima unafunguka.

Treni inatambaa ikipanda mlima. Nibadilishe kichwa?

Kwanza badilisha njia. Mwinuko mmoja katikati ya uwanda si kitu, lakini miinuko mitatu iliyofuatana inaiua treni ya mizigo. Zunguka mlima, au ipe nafasi tambarare kati ya mwinuko mmoja na mwingine, kiasi cha urefu wa treni. Wajenzi wa kweli walihangaika na jambo hili hili tangu kutoka Dar, maana ukishaacha pwani tu unakutana na vilima vya Pugu. Handaki nalo ni jibu, ila gharama yake inapanda kwa kasi kadiri linavyorefuka.

Naweza kuijenga Reli ya Kati yote, Dar mpaka Kigoma?

Unaweza, na nakuhimiza. Ile ya kweli ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam 1905, chini ya utawala wa Wajerumani, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, zaidi ya kilomita 1,200.

OpenTTD inapokea ramani ya miinuko: picha ya PNG ya kijivu, ambapo palipo peusi ni chini na palipo peupe ni juu. Data za miinuko zinapatikana bure kutokana na upimaji uliofanywa na chombo cha anga Endeavour, Februari 2000. Wengi huchukua ramani ya Tanzania nzima, wanaiingiza, wanakuta nchi imekuwa bapa kama chapati. Sababu ni Kilimanjaro. Kilele chake ni mita 5,895, na gemu inagawanya ngazi zake kutoka baharini hadi kileleni. Ukiwa umeweka ngazi 30, kila ngazi inameza karibu mita 200, na vilima vyote vya Pugu vinapotea.

Dawa ni kukata ukanda. Chukua kutoka latitudo 4 hadi 8 kusini, mashariki ianzie pwani ya Dar es Salaam, magharibi ikate mara tu baada ya Kigoma. Kilimanjaro kinabaki nje, na sasa mrefu zaidi ni mlima Hanang wenye mita zaidi ya 3,400. Kila ngazi inakuwa chini ya mita 120, na nchi inapata sura: tambarare ya pwani, milima baada ya Morogoro, kisha uwanda wa juu, Dodoma kwenye mita 1,100 na kitu, Tabora juu kidogo ya hapo. Ramani ya vigae 1,024 kwa 512 inatosha. Kila kigae kinakuwa karibu kilomita moja. Ukitaka na tawi la Mwanza, lililokamilika 1928, itabidi ukanda upande kaskazini na Kilimanjaro kitaingia tena. Fungua picha kwenye programu ya kuchorea, ufifishe weupe wa vilele virefu, na tatizo limekwisha.

Jambo jingine ni Ziwa Tanganyika. Liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, na gemu inajaza maji kwenye kimo cha sifuri tu. Kwa hiyo Kigoma utaikuta imekaa kando ya uwanda mkavu. Lichore ziwa mwenyewe kwa kifaa cha mito au cha mifereji. Ni kazi ya jioni moja na inapendeza ikikamilika.

Chagua hali ya hewa ya kitropiki. Humo kuna mahindi, matunda, almasi, shaba, mpira, na miji iliyo jangwani haikui mpaka ipelekewe chakula na maji. Paka jangwa kidogo upande wa Dodoma uone treni ya maji inavyokuwa na thamani kuliko ya almasi.

Tahadhari moja: ukianza mwaka 1905 hutapata kichwa cha treni. Treni za kawaida za OpenTTD zinaanza miaka mingi baadaye, labda upakue nyongeza za treni za zamani, ambazo nazo ni bure na zinapatikana ndani ya gemu yenyewe.

Na TAZARA? Naweza kuiunganisha na Reli ya Kati?

Swali zuri sana, kwa sababu kwenye maisha halisi haziunganiki moja kwa moja. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina milimita 1,067. SGR ina 1,435. Nchi moja, reli tatu, na behewa la moja haliwezi kukanyaga nyingine. Ndiyo maana Kidatu pana kituo cha kuhamishia mizigo kati ya TAZARA na Reli ya Kati.

Kwenye OpenTTD, reli ya kawaida na ya umeme zinaungana kirahisi, kwa hiyo ili kupata hali ya kwetu pakua nyongeza ya aina za reli zenye upana tofauti. Halafu jenga stesheni moja Kidatu yenye majukwaa ya reli zote mbili. Treni ya kwanza ipe amri ya kuhamisha mzigo, iondoke tupu. Ya pili ipe amri ya kusubiri ijae. Mzigo utalala kwenye jukwaa mpaka treni ya pili ije, na malipo kamili yatatolewa ukifika mwisho wa safari. Hapo utaona kwa nini wafanyabiashara wa mizigo huhofia kila mahali mzigo unapobadilisha gari: treni ya pili ikichelewa kidogo tu, jukwaa linafurika.

Nataka kujenga treni za mjini, hapa hapa Dar. Kuna ramani yake?

NIMBY Rails, inayotolewa hatua kwa hatua tangu 2021, inatumia ramani halisi ya dunia kutoka OpenStreetMap. Unavuta mpaka Dar, unaiona Bahari ya Hindi, Kigamboni, mitaa yote, na unaanza kuchora. Picha zake ni za juu kwa chini tu, hakuna mapambo, lakini kwa mtu wa Dar hakuna gemu inayogusa kama hii.

Tangu Oktoba 2012 tumekuwa na treni za mjini, zile wengi tulizoziita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo: moja ikitumia Reli ya Kati kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, nyingine ikitumia reli ya TAZARA hadi Mwakanga. Anza kwa kuzichora hizo. Kisha jiulize kuhusu maeneo ambayo reli haijawahi kufika. Mimi ningeanza na mstari mmoja mrefu, Mbagala Rangi Tatu, Kariakoo, Mwenge, Tegeta, Bunju, kwa sababu mji wetu umerefuka kufuata barabara zake kuu. Chora, weka treni, uone abiria wanavyojaa na wapi. Utapita Kilwa Road kesho yake ukiangalia kila uwazi kwa jicho jingine.

Wale wale wa Mini Metro wana gemu ya barabara, Mini Motorways, na Dar es Salaam ni moja ya miji yake. Si reli, lakini ni raha kuuona mji wetu humo.

Pesa zinaisha kabla sijafika popote.

Umejenga stesheni nyingi zenye mzigo kidogo. Fanya njia moja ya makaa ilipe kwanza, lipa sehemu ya mkopo, halafu panua. Na kama hutaki kabisa habari za pesa, Transport Fever 2 na OpenTTD zote zina namna ya kucheza bila kuhesabu gharama. Hakuna ubaya wowote.

Mwanangu ana miaka tisa. Zinamfaa?

Zinamfaa, mama, na baba pia. Hakuna bunduki wala damu. Kilicho kikali zaidi kwenye OpenTTD ni basi kugongwa na treni pale barabara inapokatiza reli, na hilo unaliepuka kwa kujenga daraja, jambo zuri la kumfundisha. Kwa umri huo Mini Metro au Station to Station ni bora. Kaeni pamoja jioni chache za mwanzo. Mtoto atauliza kwa nini treni imesimama, na swali hilo ni zuri kulijibu mkiwa wawili.

Nikicheza nitakuwa najua uhandisi wa reli?

Utajua mambo fulani kwa dhati: kwamba uwezo wa reli ya njia moja hutegemea njia za kupishania kuliko kasi ya treni, kwamba mwinuko ni gharama ya kila siku, kwamba kuhamisha mzigo kunakula muda. Hutajua udongo na maji. Kwenye gemu, ukijenga kando ya mto, reli inakaa hapo miaka mia. Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe inafuata bonde la mto Mkondoa, na mafuriko yameikata mara nyingi, mataruma yakaning'inia hewani. Mwanafunzi anayetaka kazi hii asomee hesabu na fizikia, na gemu iwe ya jioni.

Nikianza siachi mpaka saa nane usiku.

Mwaka mmoja wa OpenTTD kwa mwendo wa kawaida ni kama dakika 12. Amua kabla ya kukaa: leo miaka mitano. Desemba ya mwaka wa tano ikifika, hifadhi na ufunge. Usiache katikati ya kujenga makutano, maana hapo ndipo mtu hujidanganya kwamba anamalizia.

Tunaweza kucheza wengi hosteli?

Ndiyo, na hamhitaji bando. Unganisheni laptopu kwenye Wi-Fi moja, hata ile ya simu ya mmoja wenu, mmoja afungue mchezo, wengine waingie. Wote lazima wawe na toleo lile lile la OpenTTD, hadi namba ya mwisho, na nyongeza zile zile. Mkinakiliana kwa flashi moja hamtapata tabu. Gemu inaruhusu kampuni hadi 15, lakini nawashauri mjiunge wote kwenye kampuni moja na mgawane sehemu: mmoja Dar hadi Morogoro, mwingine mpaka Dodoma, mwingine Tabora. Kabla hamjaanza kubalianeni urefu wa treni. Mwenye njia fupi za kupishania atafunga reli ya wote.